Mfuko wa elimu: kugawa sawa na kugawa kwa haki ni vitu viwili

Kila tunapofungua simu kuzungumzia shule, swali moja halikosi: kwa nini shule ya jirani imepata, na ya kwetu haijapata? Leo tunaliandika jibu lake, ulisome taratibu kwenye simu yako.

Fedha za serikali zinafikaje shuleni?

Ada ya shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, ilifutwa kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Badala yake serikali hupeleka ruzuku. Kwa shule ya msingi, kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu.

Tupige hesabu. Shule yenye wanafunzi 300 inapata shilingi 1,800,000 kwa mwaka, sawa na 150,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango kilichovunjika na mpira wa michezo. Mwalimu mkuu akimaliza hayo, habaki na kitu cha kununulia vitabu vya hadithi.

Upo pia Mfuko wa Elimu wa Taifa, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, yaani TEA. Mfuko huu umesaidia kujenga madarasa, vyoo, mabweni na nyumba za walimu. Ni kazi kubwa, lakini mtoto anahitaji zaidi ya kuta.

Pengo liko wapi?

Pengo liko kwenye mambo ya ziada: maktaba, vitabu vya ziada, klabu za sayansi, ngoma, michezo, safari za masomo. Kutoka Mvumi hadi Dodoma mjini ni takribani kilomita 40. Bunge liko pale, lakini mtoto anaweza kumaliza darasa la saba bila kuliona, kwa sababu tu hakuna aliyelipia gari.

Pengo hili mara nyingi huzibwa na marafiki wa shule. Hapa kwetu tunao mfano: sekondari ya DCT Mvumi, ambayo ni ya Kanisa Anglikana, husaidiwa na marafiki walioko Uingereza kupitia Mvumi School Trust. Hilo ni jambo jema. Lakini shule ya serikali iliyo ndani kabisa, ambayo mgeni hafiki, rafiki wa namna hiyo itampata wapi? Ndiyo maana wananchi wa sehemu mbalimbali huanzisha mfuko mmoja kwa ajili ya shule zote za eneo lao. Anayetaka kusaidia anaweka kwenye chungu kimoja, kisha kinagawiwa.

Tugawe vipi?

Hapa ndipo ugomvi huanzia. Chukua mfano wetu wa kufikirika: mfuko una shilingi milioni 12 na shule mbili. Shule ya barabarani ina wanafunzi 900, ya ndani ina 300.

Njia ya kwanza, kila shule ipewe milioni 6. Mtoto wa shule ya ndani atapata 20,000, wa barabarani hafikishi hata 7,000. Hao 900 watalalamika, na watakuwa na haki.

Njia ya pili, tuhesabu vichwa. Kila mtoto 10,000: shule kubwa milioni 9, ndogo milioni 3. Inaonekana safi. Lakini shule ya ndani haina maktaba, na gari la kuwafikisha watoto mjini ni ghali zaidi. Shilingi ileile inanunua kidogo.

Njia ya tatu ni kuchanganya. Kila shule ianze na milioni 2. Milioni 6 zigawiwe kwa vichwa, 5,000 kwa kila mtoto. Milioni 2 zilizobaki zifuate uhitaji: umbali, kukosa vitabu, watoto wenye ulemavu. Shule ya ndani ikipata milioni moja na nusu ya uhitaji, jumla yake ni milioni 5, na kubwa milioni 7. Wazo hili si geni. Hata Mfuko wa Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, hugawiwa kwa kuangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni sharti la "changieni nusu kwanza". Kijiji chenye mashamba ya zabibu kitachangia. Kijiji ambacho mtama umekauka shambani hakitaweza, na watoto wake watakosa mara mbili.

Mtego wa pili ni maombi ya maandishi. Shule yenye kompyuta itaandika vizuri na kushinda. Yenye mwalimu mmoja anayefundisha madarasa matatu haitaandika kabisa. Afadhali mfuko uifuate shule.

Uulize nini?

Kukiwa na mfuko eneo lako, uliza kwenye mkutano wa kijiji: Nani anaamua mgawo, na shule yetu ina mjumbe? Kanuni ya kugawa imeandikwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo? Shule gani zimepata mwaka huu, na kiasi gani? Mzazi asiyeweza kuchangia, mtoto wake atashiriki? Kumbuka pia kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alizuia walimu kukusanya michango. Anayetaka kuchangia kwa hiari alielekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kuuliza si kumshuku mtu. Hata nyumbani, mama akipakua ugali, hampi mtoto wa miaka mitatu tonge sawa na la kijana anayetoka kulima. Lakini hakuna anayelala njaa, na kila mmoja anaona sufuria.