Bei ya Joto la Kesho

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipomaliza nchi ya Ugogo iliingia katika nyika ndefu iliyoitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa haba na jua lilikuwa kali. Upande wa pili wa nyika hiyo ilikuwapo Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Waingereza Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Kupanga saa za kutembea na saa za kupumzika kulihitaji kukisia joto la siku inayofuata, na aliyekosea alilipa kwa kiu ya wapagazi wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo Tura ni kituo cha Reli ya Kati. Hata hivyo swali la wapagazi lingalipo: kesho joto litafika wapi?

Jibu la kawaida ni, "Kesho kutakuwa na joto kali." Jibu hilo halina kosa, lakini haliwezi kupimwa. Utabiri unaopimika una sehemu mbili. Kwanza, hutaja kiasi: kwa mfano, kwamba joto la juu la siku litakuwa nyuzi 33 za Sentigredi au zaidi. Pili, hutaja uwezekano: kwa mfano, 60 kwa 100. Methali husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mwanasayansi huuliza zaidi, katika siku 100 zenye mawingu ya namna hiyo, ni ngapi hunyesha?

Njia moja ya kuupata uwezekano huo ni soko la utabiri. Tuseme ipo hati itakayolipa shilingi 100 ikiwa joto la kesho litafika nyuzi 33, na isiyolipa kitu lisipofika. Mtu anayeamini kwamba uwezekano ni 75 kwa 100 ataona hati hiyo ni rahisi kwa shilingi 60, naye atanunua, bei itapanda. Anayeamini kwamba uwezekano ni 40 kwa 100 atauza, bei itashuka. Mahali bei inapotulia ndipo maoni ya wengi yanapokutana, na shilingi 60 husomwa, kwa makadirio, kama uwezekano wa 60 kwa 100. Nchini Marekani soko la namna hii lipo: kampuni ya Kalshi, iliyopata kibali cha serikali mwaka 2020, huuza hati za joto la juu la kila siku la miji kama New York.

Je, umati waweza kujua kuliko mtu mmoja? Mwaka 1907 mtaalamu Mwingereza Francis Galton alichapa hesabu ya makisio 787 ya uzito wa ng'ombe katika maonyesho ya mifugo. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Makosa ya waliozidisha yalifutana na ya waliopunguza. Lakini lipo sharti: kila mtu akisie kwa akili yake. Ikiwa wote wamesikiliza taarifa moja ya redio na kuirudia, watu 1,000 si zaidi ya mtu mmoja.

Hata umati ulio bora hauwezi kuondoa mashaka yaliyomo katika hewa yenyewe. Katika latitudo ya Tabora na Tura, jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba, wakati mvua hazijaanza. Ndiyo sababu Oktoba ni mwezi wa joto kubwa. Jua hufika juu kabisa yapata saa 6 na nusu mchana, ila joto la hewa huendelea kupanda hadi alasiri, kwa kuwa ardhi bado hupokea joto jingi kuliko inalopoteza. Katika Julai kavu, siku hufanana, na anayesema "kesho kama leo" hukosea kidogo tu. Katika Novemba, wingu moja likitanda saa 7 laweza kuzuia joto lisipande tena siku hiyo.

Tena, hati zote hutegemea chombo kimoja. Kipimajoto huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye kupitisha hewa, kiasi cha mita moja na nusu juu ya ardhi, mbali na kuta na lami. Kisipokingwa na jua hupima joto lake chenyewe, si joto la hewa. Na kipimo cha Tabora si kipimo cha Tura. Wakulima wa Kenya walioingia katika bima ya Kilimo Salama, iliyoanza mwaka 2009, walilipwa kwa kufuata mvua iliyopimwa katika kituo cha jirani, bila shamba kukaguliwa. Katika mpango kama huo, mvua ikinyesha kituoni na kulipita shamba, mkulima hupoteza mazao na fidia pia. Kadhalika, fedha zikitegemea namba moja, huzaliwa kishawishi cha kuichezea. Uaminifu wa msomaji wa kipimajoto ni msingi wa yote.

Shule haihitaji fedha ili ifanye jaribio hili. Kila jioni, kila mwanafunzi aandike uwezekano wake wa kesho kwa namba kati ya 0 na 1. Jambo likitokea huhesabiwa 1, lisipotokea 0. Tofauti kati ya utabiri na matokeo huzidishwa kwa yenyewe. Hicho ni kipimo alichokieleza Mmarekani Glenn Brier mwaka 1950. Aliyesema 0.7 hupata 0.09 jambo likitokea, na 0.49 lisipotokea. Mwenye wastani mdogo ndiye bora.

Kipimo hicho kina sifa ya pekee. Tuseme mwanafunzi anaamini kwa dhati kwamba uwezekano ni 0.7. Akiandika 0.7, atarajie wastani wa 0.21. Akijifanya ana hakika na kuandika 1, atarajie 0.30. Majivuno humgharimu, na woga vilevile: anayeandika 0.5 kila siku hapati kamwe chini ya 0.25. Anayefaidika ni yule anayesema kiasi kilekile anachokijua, bila kuzidisha wala kupunguza. Baada ya siku 30 daftari la darasa litaonyesha ni nani huyo.