Kipanga na Dada wa Msuli

Tabora ina shule mbili za serikali za vipaji maalumu, Tabora Boys na Tabora Girls. Wanaochaguliwa kujiunga nazo wamefanya mtihani uleule wa taifa, na wanaochukua PCM (fizikia, kemia na hisabati) husoma silabasi ileile. Baadhi yao hukutana kwenye Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapo kauli hubadilika. Mvulana akipata A ya hisabati, wenzake husema, "Jamaa kipanga huyo." Msichana akipata A hiyohiyo, husikia, "Dada anapiga msuli sana." Akipata supu, yaani mtihani wa marudio, wakati mwenzake wa kiume aliyepata supu kama yake anaambiwa alizembea tu, yeye huambiwa uhandisi si fani yake.

Wapo wanaoona haya ni maneno ya mabwenini tu. Mimi naona yanaingia mpaka maabara. Kundi la wanafunzi wanne limekabidhiwa mita moja na saketi ya kuunga. Mvulana wa kwanza anashika mita, wa pili anaunga nyaya, wa tatu anasoma vipimo kwa sauti. Msichana anapewa daftari: "Andika wewe, una mwandiko mzuri." Anaandika ripoti safi, na kundi zima linapata alama kwa jasho lake. Wiki hadi wiki ni hivyohivyo. Siku mhadhiri akimsimamisha peke yake na kumwambia aunge saketi, mikono inasita. Wenzake wanatazamana, na kila mmoja anaamini ameuona ushahidi kwa macho yake. Hakuna anayekumbuka kwamba mita haikuwahi kufika mkononi mwake.

Tabora inaujua mgawanyo huu wa sifa tangu enzi za misafara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Pwani, na kijana ambaye hakuwahi kuifunga safari hiyo hakuhesabiwa mwanaume kamili. Wanawake nao walikuwemo njiani, wamejitwika vyungu, vyakula na mikeka, pengine na mtoto mgongoni. Waliobaki nyumbani walilima. Lakini aliyerudi na jina la msafiri hodari alikuwa mwanaume.

Hata shule yenyewe ya wavulana, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, Waingereza waliianzisha wakiwalenga watoto wa machifu. Wakati huo aliyedhaniwa kuwa na kichwa cha kusomeshwa alitambuliwa kwa ukoo. Leo dhana hiyo ingetuchukiza, ila ya jinsia bado tunaivumilia.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili Marekani. Mwaka 2015, Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao walionyesha kwamba fani ambazo wahusika wake huamini zinahitaji akili ya kuzaliwa nayo ndizo zenye wanawake wachache zaidi. Mwaka 2017, Lin Bian, Leslie na Cimpian waligundua kwamba wasichana wanaanza kutilia shaka kama watu wa jinsia yao wana akili nyingi sana wakiwa na miaka 6 tu. Basi huyu wa PCM anayefika chuoni na miaka 20 ameishi na shaka hiyo muda mrefu kuliko alivyoishi na fizikia.

Nchini kwetu kanuni nazo zimewahi kuonyesha nguvu zake juu ya idadi ya wanawake chuoni. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza. Idadi ya wanawake ikaporomoka, wakaondolewa sharti hilo, wakaongezeka tena. Vichwa vyao havikubadilika katika miaka hiyo michache. Baadaye uhandisi ukaweka mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa alama kidogo: walifundishwa masomo ya sayansi, wakapewa mtihani, na aliyefaulu ndiye aliyeingia. Hata hivyo wapo waliowaita wa kubebwa, wakati mitihani ya mwaka wa kwanza ilikuwa ileile kwa wote na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, hakukuchagua mtu.

Kinachohitajika maabara hakidai bajeti. Mhadhiri apange zamu na azisimamie: aliyeshika mita wiki hii, wiki ijayo aandike ripoti, na alama ya kuunga saketi itolewe kwa mtu mmoja mmoja, kuanzia wiki ya kwanza ya muhula.