Sura ya 7: Gemu la Kupigana na Mtoto Anayepiga

Tarehe 16 Aprili 2007, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani aliwapiga risasi na kuwaua watu 32, kisha akajiua. Siku hiyohiyo, uchunguzi haujafika popote, kulikuwa na watu kwenye televisheni waliokwisha kutoa hukumu: ni magemu. Polisi walipopekua chumba chake hawakukuta gemu hata moja, na mwenzake wa bwenini alisema hajawahi kumwona akicheza.

Kisa hicho hakithibitishi kwamba magemu hayana neno. Kisa kimoja hakithibitishi kitu. Nimekileta kwa sababu kinaonyesha namna hoja hii inavyojengwa: kijana akiua, tunatafuta gemu chumbani mwake, na tukilikuta tunasema mchawi amepatikana. Sasa, mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Pew ilichapisha matokeo ya kuwauliza Wamarekani wa miaka 12 hadi 17 kama wanacheza magemu. Kwa wavulana, asilimia 99 walisema ndiyo. Kukuta gemu chumbani kwa mvulana aliyeua, basi, ni sawa na kukuta viatu uvunguni mwake. Ukitaka kujua kama viatu vinaua, itabidi uwahesabu na wale wote waliovaa viatu wasimguse mtu.

Hata kwa wauaji wenyewe, hesabu haikai vizuri. Mwaka 2002 Secret Service, kikosi kinachomlinda rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, walitoa ripoti kuhusu mashambulizi 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41. Walioonyesha kupenda magemu ya kikatili walikuwa kama mmoja katika kila wanane. Kundi kubwa zaidi, zaidi ya theluthi, walivutwa na ukatili uliokuwa kwenye maandishi yao wenyewe: mashairi, insha, shajara. Sijasikia mtu akidai insha zipigwe marufuku.

Lawama za aina hii ni za zamani kuliko gemu lenyewe. Mwaka 1954 daktari wa akili wa New York, Fredric Wertham, aliandika kitabu akidai kwamba vitabu vya katuni vinawafanya watoto kuwa wahalifu. Baraza la Seneti la Marekani likaitisha vikao, na wachapishaji wakajiwekea sheria kali. Miaka karibu 60 baadaye mtafiti Carol Tilley alifungua majalada ya Wertham na kukuta kwamba daktari alikuwa amebadilisha maelezo ya watoto ili yakubaliane na hoja yake. Desemba 1993 Seneti ilikaa tena, safari hii kwa ajili ya Mortal Kombat, gemu ambalo mshindi aliweza kumng'oa mwenzake kichwa pamoja na uti wa mgongo. Matokeo ya vikao hivyo ni zile alama za umri kwenye makasha ya magemu ya Marekani, zilizoanza mwaka 1994. Kisha yakaja mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999. Wauaji wawili walikuwa wapenzi wa gemu la Doom, na tangu siku hiyo swali likawa na nguvu ya msiba.

Tuingie maabara, maana huko ndiko ugomvi wenyewe uliko. Mwaka 2000 wanasaikolojia Craig Anderson na Karen Dill walichapisha utafiti ambao mpaka leo hautajwi bila ubishi. Waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi walicheza Wolfenstein 3D, gemu la kuwasaka askari wa Kinazi kwa bunduki ndani ya ngome. Wengine walipewa Myst, ambalo unatembea kisiwani taratibu ukitegua mafumbo. Baadaye kila mmoja aliambiwa kwamba anashindana na mtu aliye chumba cha pili nani atabonyeza kitufe upesi, na kwamba mshindi atampigia mwenzake kelele kali masikioni, akichagua mwenyewe iwe kubwa kiasi gani na ya muda gani. Chumba cha pili hakikuwa na mtu. Kila kitu kiliendeshwa na kompyuta. Waliotoka kwenye Wolfenstein, baada ya kushindwa na kupigiwa kelele, walirudisha kelele ndefu kuliko waliotoka kwenye Myst. Tofauti ilikuwa ya sehemu ya sekunde.

Ni hiyo sehemu ya sekunde iliyotoka maabara, ikapita kwenye magazeti na majukwaa ya siasa, na kuwafikia wazazi ikiwa imevaa sura ya maiti. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba wamepima mauaji. Lakini nao walisaidia, kwa sababu makala yao inaanza na habari za Columbine.

Ukiuangalia utafiti huu na ndugu zake wengi, la kwanza linalokusumbua ni kipimo chenyewe. Kelele uliyoruhusiwa na profesa, kwa mtu usiyemwona, ambaye hawezi kukufuata nje, si ngumi. Wapo watafiti waliotumia pilipili badala ya kelele: mshiriki anaambiwa kuna mtu asiyependa pilipili, kisha anampimia kiasi atakachokula. Hilo laweza kuitwa uchokozi. Wengine tungeliita utani wa shemeji.

Kipimo cha kelele kina tatizo jingine, zito zaidi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Malte Elson, alizikusanya makala zilizokitumia na kukuta kwamba matokeo yamekokotolewa kwa njia zaidi ya 150 tofauti. Huyu alihesabu ukubwa wa kelele peke yake, yule muda peke yake, mwingine akazidisha kimoja kwa kingine, mwingine akachukua kelele ya kwanza na kuziacha zilizofuata. Mwenye njia 150 za kupiga hesabu hiyohiyo hakosi moja itakayompa jibu alilokuja nalo.

Halafu kuna suala la Wolfenstein na Myst zenyewe. Magemu haya hayatofautiani kwa damu tu. Moja lina kasi, mbio na kushindwa kila dakika. Jingine ni la mtu aliyetulia na daftari lake. Aliyetoka kwenye Wolfenstein mikono ikimtetemeka, tutajuaje kama kilichomchemsha ni bunduki au ni ile hali ya kukimbizwa na kushindwa? Mwaka 2014 Andrew Przybylski wa Oxford na wenzake walilichunguza swali hilo, na katika mojawapo ya majaribio yao walitumia Tetris, gemu la kupanga vipande ambalo halina damu wala adui. Waliichezea programu yake ili imletee mchezaji kipande kile kile kisichomfaa. Hasira zikapanda. Kilichowachokoza watu ni kujiona hawawezi.

Jambo hili mtu wa hapa kwetu anaweza kulithibitisha bila maabara. Pita jioni kwenye banda la gemu, Manzese au Likoni. Mara nyingi kinachochezwa ni mpira, na kanuni ni moja: aliyefungwa anatoka, mshindi anabaki. Angalia kijana aliyekuwa akiongoza bao moja, akasawazishiwa dakika ya 88 na kufungwa ya pili kabla ya filimbi. Anasema pedi ilikuwa mbovu. Anasema kitufe cha kupiga kimekwama. Anasukumana na aliyemfunga, na mwenye banda anainuka kwenye kiti chake. Wakati huo, kwenye kioo cha pembeni, mtoto wa miaka 12 anacheza Grand Theft Auto, anamwangusha polisi kwenye pikipiki na kuondoka nayo, ametulia kama mtu anayemenya chungwa. Sijasikia mtu akipendekeza sheria dhidi ya gemu la mpira kwa sababu ya uchokozi.

Nisiwaonee wanaosema madhara yapo, kwa sababu hawana mikono mitupu. Mwaka 2018 Anna Prescott na wenzake walijumlisha tafiti 24 zilizowafuatilia watoto na vijana zaidi ya 17,000 kwa muda, wa umri wa miaka 9 hadi 19. Hizi hazikupima kelele. Zilipima kupigana, kusukumana, kuitwa ofisini kwa mwalimu. Waliocheza zaidi magemu ya kikatili walionekana kuongezeka ukorofi kidogo hata baada ya kuzingatia jinsi walivyokuwa mwanzoni. Neno la kushika ni "kidogo". Uhusiano wenyewe ulikuwa karibu 0.08 kwenye kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili, maana yake gemu linaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti kati ya mtoto mkorofi na mtulivu. Asilimia 99 na ushei zinatoka kwingine.

Mwaka uliofuata Przybylski na Netta Weinstein walichukua vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Safari hii hawakumuuliza kijana kama yeye ni mkorofi. Walimuuliza mzazi au mlezi wake. Hawakumwachia kijana aamue gemu gani ni la kikatili. Walifuata alama rasmi za umri. Na kabla ya kugusa takwimu waliandika hadharani watakavyozikokotoa, ili wasije wakashawishika njiani. Hawakuona uhusiano wowote. Kwangu mimi utafiti huu una uzito kuliko majaribio mengi ya kelele yakiunganishwa, kwa sababu ya lile la tatu: walijifunga mikono kwanza.

Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambacho mwaka 2015 kilisema wazi kwamba magemu haya yanahusiana na uchokozi, kilirekebisha tamko lake mwaka 2020. Kilishikilia kwamba kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, kikaonya kwamba ushahidi hautoshi kuyahusisha magemu na ukatili wa kuua, na kwamba kufanya hivyo kunaondoa macho kwenye sababu nyingine. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo Juni 2011, ilipoitupa kwa kura 7 dhidi ya 2 sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto magemu ya kikatili. Jaji Antonin Scalia alikumbusha kwamba hadithi za kale wanazosomewa watoto nazo zimejaa damu. Mwenye kuzijua ngano zetu za zimwi hawezi kumbishia.

Upo utafiti mmoja ambao, nakiri, hauniachi nikae raha. Mwaka 2019 Justin Chang na Brad Bushman walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 200 wa miaka 8 hadi 12, waliowekwa wawili wawili. Wengine walicheza au kutazama gemu la Minecraft lenye bunduki, wengine lenye mapanga, wengine lisilo na silaha. Kisha wakaachwa kwenye chumba cha kuchezea ambamo, kabatini, mlikuwa na bastola halisi zilizolemazwa. Katika waliotoka kwenye gemu la bunduki na kuikuta bastola, kama asilimia 62 waliigusa; wa gemu lisilo na silaha, kama asilimia 44. Watafiti walikazia pengo hilo. Mimi nilikwama kwenye namba ya pili. Watoto waliotoka kujenga vinyumba vya matofali kwenye kioo, na bado zaidi ya wanne katika kila kumi wanaichukua bastola mkononi! Funga kabati.

Watoto huiga, hilo halina ubishi. Albert Bandura alilionyesha Stanford mwaka 1961 kwa watoto 72 na mdoli wa kupuliza aitwaye Bobo. Mtu mzima alimpiga mdoli kwa ngumi na nyundo mbele ya baadhi yao, nao walipopata nafasi wakampiga vilevile. Miaka miwili baadaye aliwaonyesha watoto filamu, wakaiga pia. Jaribio hili hutajwa kila mara gemu linaposhtakiwa, na linalosahaulika ni kwamba wa kwanza kuigwa alikuwa mtu mzima aliye hai, chumbani, aliyepiga bila kukemewa.

Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, na ripoti yake ikatoka 2011. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walisema walipigwa na mtu mzima au mpenzi kabla ya kufikisha miaka 18, na wapigaji waliotajwa sana ni jamaa na walimu. Upande wa madhara, mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti za miongo kadhaa zenye watoto zaidi ya 160,000. Kadiri mtoto alivyochapwa, ndivyo alivyoelekea kuwa mchokozi, na uhusiano huo ni mkubwa kuliko ule wa 0.08 wa magemu. Nao haumalizi ubishi wa kipi kinaanza, mtoto mkorofi au fimbo. Lakini kama tunaweza kuvunja PlayStation kwa ushahidi mdogo, sioni kwa nini kiboko kinabaki salama kwa ushahidi mkubwa zaidi.

Sisemi mtoto wa miaka 8 aachiwe Grand Theft Auto. Kasha limeandikwa 18 kwa sababu, na bandani hakuna anayelisoma. Mkatalie kwa sababu matusi yale na jinsi wanawake wanavyoonyeshwa humo si mambo ya umri wake. Sababu hiyo inatosha bila kumtishia kwamba atakuwa jambazi. Zuia gemu la usiku linalokula usingizi. Ulizia hela ya banda inatoka wapi. Na kwa mzazi ambaye wiki hii amemshika mwanawe na gemu la kupigana na mkono umekwenda nyuma ya mlango kutafuta fimbo: iache hapo ilipo, kaa naye, chukua pedi ya pili.