Msikiti, Kanisa na Neno "Mwarabu": Vizazi Vitatu vya Kolwezi Mbele ya Uislamu

Mkristo wa Musonoi akisema anaenda kanisani kusali, tayari ametumia maneno mawili yenye asili ya Kiarabu. Akitaja roho, imani, toba, sadaka, baraka, malaika na shetani, ameongeza saba. Hata "msikiti" na "kanisa" ni ndugu wa safari moja. La kwanza limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kusujudu. La pili ndilo neno ambalo Waarabu Wakristo wanalitumia hadi leo kwa nyumba yao ya ibada. Hata hivyo, katika masikio ya wengi hapa Kolwezi, kanisa ni neno la nyumbani na msikiti ni neno la wageni.

Kwa nini iwe hivyo? Na kwa nini jibu hubadilika ukitoka kwa babu kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mjukuu? Watu husema kwamba wazee ni wagumu na vijana ni wavumilivu. Makala haya yanaeleza kwamba jambo lenyewe haliko hivyo. Kinachotofautisha vizazi si umri, bali ni mahali ambapo kila kizazi kilijifunzia maana ya neno "Mwislamu".

Lugha iliyoachanishwa na dini

Kiswahili kilifika Katanga kwa njia ya misafara. Msiri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa mwezi wa Desemba 1891, alitoka upande wa Tabora na alifanya biashara na watu wa pwani. Lakini Kiswahili tunachokisema katika miji ya migodi kilikuzwa zaidi na kazi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na kuanzia miaka ya 1920 iliwaweka pamoja na wake na watoto wao katika kambi. Kambi zilihitaji lugha moja, na lugha hiyo ikawa Kiswahili.

Angalia majina ya siku. Pwani, juma linahesabiwa kutoka Ijumaa, siku ya sala ya pamoja. Ndiyo sababu Jumamosi ni siku ya kwanza ya juma. Katika Kiswahili cha kambi, hesabu hiyo imegeuzwa. Siku ya kwanza ni ile ya kuanza kazi, Jumamosi ni siku ya posho, na Jumapili ni siku ya Mungu. Ijumaa imebaki siku ya tano tu. Kampuni na misioni hazikuifuta lugha ya pwani. Ziliichukua, zikaibadilishia kalenda, na maneno yake ya ibada yakapewa kazi kanisani. Pwani hutofautisha "kuswali" kwa Waislamu na "kusali" kwa Wakristo. Hapa kwetu kusali ni kumoja. Hivyo lugha ilibaki na maneno, lakini wasemaji wake wakasahau yalikotoka.

Wazee: shule ya misioni

Kizazi kilichosoma kabla ya uhuru wa mwaka wa 1960 kilisoma hasa katika shule za misioni. Msingi wake uliwekwa na mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru la Kongo. Kila misioni ya Kikatoliki ilipewa bure hekta 100 hadi 200 za ardhi ya kulima, nayo ikapaswa kufungua shule. Waislamu hawakupata mkataba wa namna hiyo. Wabelgiji waliwaangalia kwa wasiwasi na waliogopa dini yao isienee kutoka Maniema. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika zilikuja kwa nguvu tangu 1954 tu, chini ya waziri Auguste Buisseret.

Katika shule ya misioni, Uislamu uliingia kwa mlango wa somo la historia. Somo hilo lilikuwa vita vya 1892 hadi 1894, ambamo jeshi la Leopold II lilipigana na watu waliokuwa wakiitwa "Waarabu". Mbelgiji alionyeshwa kama mkombozi na Mwarabu kama mfanyabiashara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwepo kweli, na mateso yake si hadithi ya kutungwa. Lakini neno "Mwarabu" lilificha mengi. Tippu Tip mwenyewe alizaliwa Zanzibar, na maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili. Wengi wa watu wake walikuwa Waafrika wa Maniema, walioitwa Waungwana, na kutoka kwao likatokea jina la lugha, Kingwana. Ngongo Lutete, mmoja wa majemadari waliotajwa sana, alikuwa mwana wa nchi. Alianza upande wa Tippu Tip, akahamia kwa Wabelgiji, nao wakamwua mwaka wa 1893.

Huko Brussels, mnara wa ukumbusho uliojengwa mwaka wa 1921 ulisifu jeshi la Ubelgiji kwa kumwangamiza "Mwarabu" mwenye kuuza watumwa. Baadaye neno "Mwarabu" lilikwanguliwa kwenye jiwe baada ya nchi za Kiarabu kulalamika. Kwenye jiwe neno linaweza kukwanguliwa. Katika kichwa cha mtoto aliyelikariri darasani haliondoki kwa urahisi. Mzee anayeshtuka kusikia msikiti utajengwa karibu naye mara nyingi hamfikirii jirani anayeomba kibali. Anakumbuka picha ya kitabu cha shule.

Kizazi cha Zaire

Waliosoma miaka ya 1970 walipata masomo mengine. Mwaka wa 1972 dola ilitambua Uislamu rasmi kati ya dini za nchi, na jumuiya yake ya kitaifa leo inajulikana kwa jina la COMICO. Mwaka huohuo Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Mwezi wa Oktoba 1973 Zaire ilivunja uhusiano na Israeli na kusogea karibu na nchi za Kiarabu. Mwishoni mwa 1974 serikali ilichukua shule za makanisa, kabla ya kuzirudisha kwa mkataba wa 1977.

Siasa hizo zilikuwa na mabaya yake, lakini ziliondoa jambo moja: kanisa halikuwa tena mlango pekee wa kuingilia darasani na katika uraia. Tena tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, bondia Muhammad Ali alimshinda George Foreman, na nchi nzima ilikuwa upande wake. Kwa kijana wa wakati ule, jina maarufu kuliko yote la Mwislamu halikuwa la mfanyabiashara ya watumwa. Lilikuwa la mtu mweusi aliyesilimu na ambaye umati ulimshangilia kwa Lingala.

Vijana: sauti mbili pamoja

Kama umri ungekuwa ndio sababu, kijana wa leo angekuwa mpole kuliko wote. Lakini yeye anasikia sauti mbili kwa wakati mmoja.

Sauti ya kwanza ni ya maisha ya kila siku. Shaba na kobalti zimeleta Kolwezi wafanyabiashara kutoka mbali na madereva wa malori wa Tanzania, wanaoongea Kiswahili chenye "kuswali" na "inshallah". Ziko pia shule zenye mkataba za Kiislamu, hasa Maniema, zinazopokea watoto wa dini zote. Katiba ya 2006 inasema dola haina dini, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa ibada.

Sauti ya pili ni ya hofu. Makanisa ya uamsho huhubiri vita vya kiroho, na humo dini ya mwingine hugeuka haraka kuwa adui. Halafu kuna habari za Beni na Ituri, ambako kundi la ADF linaua raia, na tangu 2019 Dola la Kiislamu linadai mashambulizi yake. Habari hizo hufika kwenye simu ya kijana wa Musonoi kutoka zaidi ya kilomita 1,200. Kisichofika mara nyingi ni kwamba Waislamu pia wanauawa. Mwezi wa Mei 2021, maimamu wawili wa Beni waliokuwa wakilipinga kundi hilo hadharani waliuawa kwa risasi, mmoja wao ndani ya msikiti.

Kwa hiyo kijana anaweza kuwa mkali kuliko mama yake, na mama akawa mpole kuliko baba yake. Uvumilivu haupandi kama ngazi kutoka kizazi hadi kizazi.

Jengo linapoleta neno

Maoni juu ya dini yanaweza kukaa moyoni miaka mingi bila kuonekana. Jengo huyatoa nje. Uswisi, mwaka wa 2009, asilimia 57.5 ya wapiga kura walikubali kupiga marufuku minara mipya ya misikiti, na nchi nzima ilikuwa na minara minne tu. Geneva, mji wenye Waislamu wengi, ulikataa. Hofu ilikuwa na nguvu pale ambapo watu hawakuwa na majirani wa kuwajua.

Kwetu, mtu akipinga ujenzi wa msikiti, inafaa kutenganisha maswali matatu. La kwanza ni la sheria: je, parseli ina hati, na kibali cha kujenga kipo? Kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya dola, na masharti yake hayaulizi dini ya mwombaji. La pili ni la kelele: kipaza sauti cha adhana kinapaswa kupimwa kwa kipimo kilekile cha kipaza sauti cha mkesha wa kanisa la jirani. La tatu ni la hofu. Hilo halijibiwi na hati wala na kibali, kwa sababu limejengwa na maneno.

Hapo ndipo kitivo cha lugha kinapohusika. Wengi wetu tutakuwa walimu, watafsiri na watangazaji wa redio. "Mwarabu", "Mwislamu" na "gaidi" ni maneno matatu yenye maana tatu: taifa, dini na tendo. Mwandishi wa habari anayeweka moja mahali pa lingine, au mwalimu anayesoma somo la 1892 bila kueleza Waungwana walikuwa nani, anakipa kizazi cha nne kamusi ya kizazi cha kwanza. Na familia ya Kiislamu inayoomba parseli Kolwezi ndiyo italipa gharama ya kosa hilo.

Anayefundisha Kiswahili Katanga anaweza kuanza na zoezi dogo: awaambie wanafunzi waandike sala wanayoijua kwa moyo, kisha wapige mstari chini ya kila neno lililotoka Kiarabu.