Mboga zilizogandishwa: kwa nini zipikwe kwanza

Mahindi, njegere na karoti zilizogandishwa ni chakula cha kawaida katika nyumba nyingi za Ulaya, na zinapatikana pia katika maduka makubwa ya miji ya Afrika Mashariki. Wanunuzi wengi huamini kwamba baridi kali ya friza imekwisha kuua vijidudu vyote. Imani hiyo si sahihi, na imewahi kugharimu maisha.

Kati ya mwaka 2015 na 2018 watu 47 waliugua baada ya kuambukizwa bakteria wa listeria katika nchi za Austria, Denmark, Finland, Sweden na Uingereza. Tisa kati yao walifariki dunia. Uchunguzi wa vinasaba vya bakteria hao ndio uliowaunganisha wagonjwa wasiojuana na mahindi yaliyogandishwa katika kiwanda kimoja mjini Baja, Hungary. Mwishoni mwa Juni 2018 serikali ya Hungary ilipiga marufuku uuzaji wa mboga zote zilizogandishwa humo tangu Agosti 2016. Bakteria wa aina ile ile walikuwa wameonekana kwa miaka mitatu mfululizo, dalili kwamba walidumu kiwandani licha ya usafi uliofanywa.

Kabla ya kugandishwa, mboga hutiwa katika maji moto au mvuke kwa muda mfupi ili zisipoteze rangi na ladha. Hatua hiyo hupunguza vijidudu. Baadaye, hata hivyo, mboga hupita kwenye mikanda na mashine za kupoza, mahali penye baridi na unyevu, na listeria hustawi hapo.

Katika nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hao hawafi, bali husita kuongezeka. Mboga zikiyeyuka huanza tena, na tofauti na vijidudu vingi, listeria huongezeka hata ndani ya jokofu.

Mtu mzima mwenye afya huenda asipatwe na zaidi ya homa na kuharisha. Walio hatarini ni wazee, watoto wachanga, wenye kinga dhaifu ya mwili na wajawazito, ambao mimba zao zaweza kuharibika. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 70, na ni nani anayekumbuka alichokula miezi miwili iliyopita?

Kinga ni moto: nyuzi joto 70 kwa dakika mbili, hadi katikati ya chakula. Anayepika njegere kwa nazi amekwisha kujikinga. Hatari imo katika mtindo wa kuyeyusha mahindi na kuyatia moja kwa moja kwenye saladi. Anayetumia maikrowevu hana budi kukoroga, kwani huacha sehemu nyingine baridi.

Umeme ukikatika, mboga ambazo bado zina chembe za barafu zaweza kugandishwa tena. Zilizopata joto kwa zaidi ya saa mbili zitupwe.

Wakati mahindi ya Hungary yalipoondolewa madukani, wataalamu wa Ulaya walionya kwamba wagonjwa wapya wangeweza kuendelea kujitokeza, kwa sababu pakiti zilizonunuliwa zamani zilikuwa bado katika friza za watu.