Boti ya Mkondo wa Pemba: Kwa nini haitoshi kuijaribu bandarini Mkoani

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, maji ya ghuba ya Mkoani hulala kama mafuta kwenye sahani. Kisiwa cha Makoongwe kinakinga mawimbi, na boti yoyote utakayoiwasha hapo itakimbia vizuri. Muuzaji hupiga mizunguko miwili mbele ya gati, povu linaruka, watu wanapiga makofi, na pesa zinahesabiwa.

Tatizo ni kwamba boti hiyo haikununuliwa kuzunguka mbele ya gati. Siku hizi vijana na vikundi vingi vya Pemba wanatafuta boti za kwenda mbali, ama kwa kuvua jodari na nguru wa biashara, ama kwa kuwachukua watalii wanaokuja kuvua nduaro na sulisuli kwa mshipi. Wengi hununua kwa mkopo au kwa michango ya miaka. Boti isiyofaa ikishanunuliwa, kikundi hubaki na deni, na siku ya bahari mbaya waliomo ndani wanaweza wasirudi. Kwa hiyo tumeona tueleze hatua kwa hatua namna ya kuijaribu na kuilinganisha boti kabla ya kutoa fedha.

Bahari yenyewe ikoje

Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wa bahari wenye upana wa karibu kilomita 50 na kina kinachozidi mita 800. Kina hicho ndicho kinachowaleta samaki wakubwa karibu na pwani. Maji yake huenda kaskazini mwaka mzima, na hukaza zaidi wakati wa kusi.

Wakati wa kusi, upepo na maji huenda upande mmoja, lakini upepo wenyewe huwa na nguvu na mawimbi ni makubwa. Wakati wa kaskazi, upepo mara nyingi ni mwepesi zaidi, ila unavuma kupingana na maji. Hapo mawimbi huwa mafupi, yamesimama na yamekaribiana, na boti huruka na kupiga. Boti inayofaa kwa Mkondo wa Pemba lazima ihimili hali zote mbili.

Aina tatu zinazolinganishwa

Ya kwanza ni boti ya faiba iliyo wazi, yenye mashine moja ya nyuma. Bei yake ni nafuu, mafundi wapo na vipuri vinapatikana. Udhaifu wake ni kwamba mashine ikizima huna nyingine.

Ya pili ni boti ya faiba yenye usukani katikati na mashine mbili za petroli. Hii ndiyo inayopendwa na wavuvi wa kitalii, kwa sababu mvuvi anaweza kumfuata samaki kutoka omo hadi tezi bila kizuizi. Inakimbia sana, lakini inakunywa mafuta.

Ya tatu ni boti kubwa yenye chumba na injini ya dizeli ndani. Hutumia mafuta kwa uangalifu na hutulia kwenye mwendo mdogo wa kukokota chambo. Lakini ni ghali kununua, na injini ikiharibika kuitoa ni kazi.

Hakuna aina iliyo bora kuliko zote. Bora ni ile inayolingana na safari yako, mfuko wako na fundi uliye naye.

Angalia tumbo kabla ya mashine

Wanunuzi wengi huuliza kwanza nguvu ya mashine. Sisi tunashauri waanze na umbo la chini. Tumbo bapa hutulia boti inaposimama, na hupaa juu ya maji kwa nguvu ndogo, lakini kwenye mawimbi hupiga kama kofi. Tumbo lenye umbo la V kali hukata wimbi, ila huyumba zaidi linaposimama na linahitaji nguvu kubwa.

Dunia ilijifunza jambo hili mwaka 1960, katika mashindano ya boti kutoka Miami, Marekani, hadi Nassau, Bahamas. Bahari ilikuwa chafu sana siku hiyo. Boti iitwayo Moppie, iliyochorwa na Raymond Hunt kwa umbo la V kali kutoka mbele hadi nyuma, iliziacha nyingine mbali nyuma. Umbo hilo likazaa Bertram 31, boti ya uvuvi iliyopata sifa kubwa. Ilishinda kwa sababu iliweza kuendelea kukimbia pale ambapo nyingine zililazimika kupunguza mwendo.

Siku ya majaribio

Kwanza, jaribu boti ikiwa na mzigo wake. Ikiwa itabeba watu sita, usiijaribu na wawili. Kama watu hawapo, pakia madumu ya lita 20 yaliyojaa maji. Madumu 21 ni kilo 420, karibu sawa na watu sita wazima.

Pili, toka nje ya kinga ya visiwa, ukiwa umesikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na ukiwa na chombo kingine karibu. Endesha ukikabili mawimbi, kisha yakiwa ubavuni, kisha yakiwa nyuma. Watu huogopa wimbi la mbele, lakini la nyuma ndilo linaloigeuza boti na kuilaza ubavu.

Tatu, zima mashine na uache boti ielee kwa robo saa. Kupambana na samaki mkubwa huchukua muda mrefu boti ikiwa karibu imesimama. Tazama inavyoyumba, na kama maji yanaingia kwa nyuma.

Nne, kwa boti ya mashine mbili, zima moja na ujaribu kurudi na iliyobaki. Kisha fuata mipira ya mafuta. Kama mashine zote mbili zinatumia tangi moja na filta moja, mafuta machafu yatazizima zote kwa pamoja.

Tano, pima mwendo kwa GPS ya simu, ukienda na kurudi njia ile ile. Ukipata maili za baharini 17 kwa saa ukifuata maji na 13 ukipingana nayo, mwendo wa kweli ni 15. Muuzaji atakutajia ile 17.

Hesabu ya mafuta

Jaza tangi hadi juu, endesha saa moja, kisha lijaze tena kwa kipimo. Tuseme umegundua boti yako hutumia lita 15 kwa saa ikienda maili 15, na lita 5 kwa saa ikikokota chambo polepole.

Safari ya maili 12 kwenda, saa sita za kuvua na maili 12 kurudi itakula lita 12, 30 na 12, jumla 54. Lakini upepo ukikupinga wakati wa kurudi na mwendo ukashuka hadi maili 10, ile 12 ya mwisho inakuwa 18, na jumla 60. Kanuni ya manahodha ni kutumia theluthi mbili tu na kubakisha theluthi moja. Kwa hiyo usiondoke Mkoani na chini ya lita 90.

Kabla ya kulipa

Gonga faiba kwa kipande cha mti kutoka omo hadi tezi. Sauti ikibadilika na kuwa ya mbubu, huenda matabaka yameachana au maji yameingia ndani. Kagua zaidi ubao wa nyuma unaobeba mashine. Tazama ngama kabla na baada ya safari, uone maji yameongezeka kiasi gani. Uliza kama boti ina maboya ya ndani ya kuifanya ielee hata ikijaa maji. Hakikisha usajili na ukaguzi wake upo sawa kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Weka bei ya jaketi za kuokolea maisha na redio ya VHF ndani ya bei ya boti. Mbali baharini simu hupoteza mtandao, na chaneli 16 ndiyo ya kuomba msaada.

Pemba haihitaji kukumbushwa bahari inaweza kufanya nini. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja huku ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia walifariki. Boti ya uvuvi ni ndogo, lakini sheria ya uzito ni ile ile. Muuzaji akikataa kuijaribu boti yake nje ya Makoongwe ikiwa na mzigo, amekwisha kukujibu. Rudi nyumbani na pesa zako.