Nani Analipia Ufundi? Sehemu ya Pili: Ada na Gharama Halisi

Wiki iliyopita tulitazama karakana ya chuo cha ufundi stadi inavyoendeshwa. Leo tuingie kwenye fedha, maana hapo ndipo wazazi wengi hupotea.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kozi ndefu katika vyuo vingi vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, amekuwa akilipa Sh 60,000 kwa mwaka akiwa wa kutwa, na Sh 120,000 akiwa wa bweni. Mzazi anayeipokea fomu ya kujiunga huamini hiyo ndiyo bei ya mafunzo. Sivyo. Fedha hiyo haimlishi kijana bwenini hata muhula mmoja, sembuse kumnunulia vyuma, nyaya na mbao za kujifunzia. Kinachobaki, yaani sehemu kubwa, hubebwa na umma, na umma wenyewe hauambiwi unabeba kiasi gani.

Chanzo kimoja kikubwa cha fedha hizo za umma ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo wahasibu huiita SDL. Mwajiri huikokotoa kwenye jumla ya mishahara anayolipa, naye ndiye anayeilipa; mfanyakazi hakatwi. Hadi 2013 ilikuwa asilimia 6. Imeshushwa hatua kwa hatua mpaka kufikia asilimia 3.5 mwaka 2023, na sasa inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Katika kila shilingi tatu zinazokusanywa, moja ndiyo inayokwenda VETA. Mbili huingia Hazina, ambako kwa muda mrefu zimechangia mikopo ya elimu ya juu. Sina ugomvi na mikopo ya vyuo vikuu; nimefundisha vijana walioinuka kwa mikopo hiyo. Lakini tozo iliyowekwa kwa ajili ya ufundi inapompita fundi na kwenda kwingine, fundi ana haki ya kuuliza. Na aulize sasa, kwa sababu kiwango cha tozo kinashuka wakati vyuo vinaongezeka: Serikali imejenga vyuo katika wilaya 25, kisha ikaanza vingine 64. Kila karakana mpya inahitaji walimu, umeme na malighafi mwaka hadi mwaka.

Tuelewane kuhusu malighafi, maana hapa ndipo mafunzo ya ufundi yanapoachana na somo la darasani. Mhadhiri wa historia anaweza kuwafundisha watu 200 kwa chaki moja. Mwalimu wa uchomeleaji hawezi. Kipande cha chuma kilichokatwa vibaya hakirudi kuwa kizima, na mkono wa mwanafunzi hautulii mpaka ameharibu vingi. Mwanafunzi wa uashi hujenga ukuta, akaubomoa, akaujenga tena. Fundi magari anahitaji injini ya kufungua mwenyewe, si picha yake ubaoni. Hata hivyo, ada ya ushonaji na ada ya ufundi magari mara nyingi ni ileile, ilhali gharama zake zimeachana mbali. Ruzuku isipofidia tofauti hiyo, chuo hubana kwenye vifaa. Vijana kumi huzunguka mashine moja, mmoja akafanya, tisa wakatazama. Wote kumi hupewa cheti. Huko ndiko ada ndogo inakolipwa kwa njia nyingine, na anayelipa ni kijana aliyehitimu bila kushika kazi, pamoja na mteja atakayemwita kumfungia umeme nyumbani.

Kenya wameifuata njia tofauti, na inafaa tuitazame. Mwaka 2018 waliweka ada moja ya Sh 56,420 za Kenya kwa mwaka katika vyuo vya kiufundi vya taifa. Serikali ililipa 30,000 kwa kila mwanafunzi, na 26,420 zikabaki kwake, akiwa na haki ya kuomba mkopo kwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya huko. Kwa hiyo fedha ilimfuata mwanafunzi: chuo kilichopokea wengi kilistahili zaidi. Tangu 2023 wamekwenda mbele; ufadhili, mkopo na mchango wa familia hupangwa kwa kutazama uwezo wa kila kaya. Mfumo huo una maumivu yake, kwani kuipima hali ya kaya si kazi nyepesi na fedha zinapochelewa chuo hukwama. Ninachokipenda ni uwazi wake. Mkenya anaijua bei kamili, anajua Serikali imetoa ngapi, na yeye anadaiwa ngapi.

Kwetu punguzo ni lilelile kwa mtoto wa mfanyabiashara na kwa yatima wa kijijini, kisha yule yatima hukwamia nje ya ada. Fomu humtaka aje na ovaroli, viatu vya usalama, godoro, na wakati mwingine vifaa vya fani yake. Kuna nauli. Wa kutwa ana kodi ya chumba na chakula cha kila siku. Akijumlisha, ada ni sehemu ndogo tu ya orodha hiyo. Akihitimu, hana randa wala msumeno, na fundi asiye na vifaa huishia kuwa kibarua wa fundi mwingine.

Kwa hiyo sipendekezi ada ipandishwe, wala sioni kwamba kuifuta kabisa kungemwokoa aliyekwama. Ningetaka kila fomu ya kujiunga iandikwe viwango vitatu: gharama kamili ya fani hiyo, sehemu ya Serikali na sehemu ya mwanafunzi. Ruzuku ipangwe kwa fani, ili karakana ya magari isipewe sawa na chumba cha cherehani. Na sehemu ya zile shilingi mbili zinazokwenda Hazina irudi kwa waliotajwa kwenye jina la tozo: chakula na nauli kwa wasio na uwezo, na sanduku la vifaa siku ya kuhitimu. Serikali imeshaonyesha kwamba inawezekana kumlipia kijana mmoja mmoja, kupitia programu ya uanagenzi inayogharimia mafunzo hata katika vyuo visivyo vyake. Uanagenzi huo, na nafasi ya mwajiri ndani yake, tutaujadili wiki ijayo.